Usibadilishe Namba

Mara ya kwanza Binti Fundi aliposimamishwa mbele ya darasa afundishe hesabu, alisahau saba mara nane. Msichana mzima wa miaka ishirini na mitatu, amekaa chuo cha ualimu miaka miwili, kichwani kajaza mahesabu ambayo mwingine akiyakuta njiani angevuka barabara, halafu saba mara nane inamtoka! Akabaki ameshika chaki, mdomo wazi. Watoto wakacheka mpaka wakagonga madawati. Mkaguzi wa chuo, aliyekaa nyuma na fomu yake mapajani, hakucheka. Aliandika neno moja tu, na neno lenyewe lilikuwa "Arudie."

Chuo kile kilikuwa na sheria yake. Mazoezi ya kufundisha unapewa mara mbili. Ukianguka ya kwanza, unarudia mwaka unaofuata kwenye shule nyingine. Ukianguka ya pili, unarudisha kitambulisho na vitabu vya watu, unakwenda zako, na ualimu utausikia kwa wenzako. Kwa hiyo alipopangiwa hiyo shule ya pili, Binti Fundi hakuwa na pa kurudi nyuma. Alilijua hilo akila, alilijua akioga.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita binti kwa kazi ya mama. Mama mwenyewe shule aliionja tu akaiacha, lakini futi yake ya kupimia ikiwa shingoni humdanganyi kwa nusu inchi. Alimshonea binti sketi ya kijivu na blauzi ya mikono mirefu, akamzungusha mbele ya kioo.

"Tembea nikuone."

Akatembea.

"Sasa umekaa kama mwalimu. Saba mara nane?"

"Mama bwana!"

"Nijibu. Saba mara nane?"

"Hamsini na sita."

"Haya nenda. Na ukisahau tena, sketi uivue kabla hujaingia humu ndani. Nitampa mwenye akili."

Shule ilikuwa na jengo moja la zamani na jingine jipya la ghorofa, uwanja wa changarawe katikati. Kitu cha kwanza alichokiona Binti Fundi si kitu cha kuona, ni cha kusikia: kimya. Watoto mia sita saa tatu asubuhi, na unasikia mlango wa choo unavyolia ng'ambo ya uwanja. Mtu mwenye akili zake angejiuliza. Yeye alifurahi. Alijisemea, afadhali, hapa hawatanicheka.

Mkuu wa somo la hesabu walimwita Mzee Rula, kwa sababu ya rula yake ya mbao, ya mita nzima, aliyotembea nayo kila mahali miaka thelathini na moja. Pale alipoishika pamekuwa peusi kwa jasho. Hakumpiga nayo mtoto hata siku moja. Alikuwa anaonyesha tu. Anamwonyesha mtoto nayo, mtoto anasimama. Anaionyesha chini, mtoto anakaa. Bora angepiga, watu wangejua wanachokiogopa.

Huyo ndiye aliyekuwa msimamizi wake. Sahihi yake chini ya fomu, na ya mkaguzi wa chuo juu yake. Zikikosekana, hata mojawapo, basi.

"Karibu, binti," alimwambia ofisini, sauti ya upole, ya mtu anayekuwekea kiti. "Shule yetu haisumbui watu. Miaka kumi na minane tunaongoza wilaya kwa hesabu. Umeona hili ghorofa? Aliyelichora ni mwanafunzi wangu. Ukienda duka la dawa pale kona, binti wa dirishani ni mwanafunzi wangu. Huko chuoni kwenu ninao, maofisini ninao. Popote utakapokwenda utamkuta mtu niliyemfundisha mimi."

"Hongera, Mzee."

"Usinipe hongera. Nifuate tu."

Nyuma ya kichwa chake palining'inia kalenda ya mwaka uliopita. Binti Fundi alipotazama vizuri aliona ufa umetokeza pembeni mwa kalenda, umepanda mpaka darini. Ghorofa lenyewe halijamaliza miaka mitano. Na kwenye msumari karibu na mlango palikuwa na koti la mwanamume, limeshika vumbi mabegani.

Wakati wa mapumziko akamuuliza mwalimu wa historia, mama mmoja mnene mwenye vituko, "Dada, lile koti la nani?"

"La mwanachuo wa mwaka juzi. Alikuja mazoezi kama wewe."

"Mbona hajalifuata?"

"Alifuate na uso upi?" Yule mama akasukuma chai yake mbele. "Usinihoji, mdogo wangu. Mimi nafundisha wafalme waliokufa. Hao hawana neno na mtu."

Kazi ikaanza. Kidato cha tatu, watoto arobaini na wawili. Siku tatu za kwanza alikaa nyuma kumwangalia Mzee Rula akifundisha. Mzee aliandika swali ubaoni: Shamba la mstatili, urefu unazidi upana kwa mita tatu, eneo ni mita za mraba arobaini; tafuta upana. Akashusha rula. Darasa likafumuka kwa sauti moja, watoto wanatazama mbele, hawatazami ubao:

"Upana ni eksi. Urefu ni eksi jumlisha tatu. Zidisha, sawasawa na arobaini. Hamisha arobaini. Nane na tano. Hasi nane tupa. Upana mita tano!"

Kama wanaimba. Binti Fundi akahakiki kwenye daftari lake: tano, na urefu nane, tano mara nane arobaini. Sawasawa kabisa. Akaona mwenyewe amefika peponi. Alipopewa darasa alifanya vilevile, chaki haikutetemeka, hakuna aliyecheka. Wiki nzima alirudi nyumbani anapiga mluzi.

Wiki ya tatu, Jumanne, alikosea. Alikuwa ananakili swali lilelile la shamba kutoka kwenye andalio lake la somo, mawazo yake yako kwingine, badala ya mita tatu akaandika mita sita. Hakujua. Akageuka, akawaambia wafanye kwenye madaftari. Vichwa vikainama. Dakika nne, kalamu chini. Akapita kukagua: tano, tano, upana mita tano. Alipofika dawati la kumi ndipo macho yake yalipokwenda ubaoni akaiona ile sita.

Akasimama palepale. Akaangalia daftari alilolishika. Mtoto ameandika "urefu ni x + 3". Ubaoni sita, daftarini tatu. Akachukua la pili. Tatu. La pembeni. Tatu. Watoto arobaini na wawili, na hakuna hata mmoja aliyesoma ubao. Wamemtazama yeye kwa macho makavu, wanangoja tiki.

Akarudi mbele, akaifuta ile sita kwa kiganja.

Jioni mama yake alikuwa anakata kitambaa cha suruali mezani. Binti akamweleza. Mama hakujua eksi wala ndugu yake eksi, lakini shamba analijua.

"Hebu ngoja. Upana tano. Urefu umeuzidi kwa sita. Si kumi na moja?"

"Ndiyo."

"Tano mara kumi na moja, hamsini na tano. Hiyo arobaini wameipata wapi?"

"Hawakuipata, mama. Wanaikumbuka."

Mama akaweka mkasi chini. "Yaani mimi leo nikate suruali yako kwa kiuno cha mteja wa jana?"

"Ndiyo hivyo."

"Na wewe unafanya nini huko?"

Mama akamkata jicho, akarudia mkasi wake.

Kesho yake Mzee Rula ndiye aliyemwita. Hakusema amesikia kwa nani. Rula ilikuwa juu ya meza, imelala katikati yao.

"Jana uliandika sita."

"Nilikosea, Mzee. Lakini Mzee, watoto hawa..."

"Usibadilishe namba."

"Na mtihani ukibadilisha?"

"Mtihani wanautunga watu. Watu hao nimekwambia ninao." Akatabasamu vizuri, meno yote yapo. "Binti, wewe ulishaanguka mara moja. Nimeona faili lako. Sisi tunataka upite. Si unataka kupita?"

"Nataka, Mzee."

"Yule mwenye koti alikuwa na akili kuliko wewe, usiudhike. Alibadilisha namba mbele ya mkaguzi, aonyeshe ujuzi. Darasa likaimba jibu lilelile, likamwacha uchi. Siku hizi sijui hata anaishi wapi." Akageuka kutazama kalenda, akainyoosha kwa ncha ya kidole. Ufa ulikuwa umetokeza upande wa pili sasa.

Hapo angeaga. Angekwenda chuoni aseme, au angekwenda nyumbani kukaa na mkasi na mama yake, apige mishono ya haki. Hakwenda. Alijiambia kwamba atafanya mema kwa mlango wa uani, na watu wa mlango wa uani wote husema hivyo.

Mle darasani, dawati la mwisho dirishani, palikuwa na msichana ambaye wenzake walimbatiza Kwanini, kwa maswali yake. Kwa nini hasi nane tunaitupa? Kwa nini tunahamisha? Alikuwa ameshaacha kuuliza kwa sauti, lakini jina lilibaki. Binti Fundi akaanza kubaki naye baada ya kengele ya mwisho, nusu saa, madaftari mezani ili apitaye adhani anasahihisha.

"Nikiweka sita badala ya tatu?"

Kwanini akatazama kwanza mlangoni. "Tunaruhusiwa?"

"Mimi na wewe tu. Tafuta namba mbili, ukizidisha upate arobaini, ukitoa upate sita."

Mtoto akakuna kichwa, akaandika, akafuta, akaandika. "Kumi, na nne!" Halafu akapiga kelele, "Upana nne! Urefu kumi! Nne mara kumi arobaini! Mwalimu, inakaa!"

"Punguza sauti, utatuua."

Walicheka wote wawili. Mtoto yule alikuwa amekaa miaka mitatu kwenye giza, na sasa mtu amemfungulia dirisha. Kila siku namba mpya. Akawa anakuja mbio. "Mwalimu, nimejitungia mwenyewe!" Akimwonyesha Binti Fundi daftari, amemwegemea begani kama mdogo wake wa tumbo moja. "Kwa hiyo sasa nikiona namba imebadilika nifanye ninavyoona?"

"Fanya unavyoona. Hesabu haiogopi mtu."

Maneno hayo aliyasema kwa mdomo wake. Yawekeni.

Siku ya mkaguzi ikafika. Hakuwa yule wa mara ya kwanza; huyu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani midogo, mkoba wa ngozi, anatembea akijua anakokwenda bila kuonyeshwa. Mzee Rula alimpokea getini kwa mikono miwili. "Karibu nyumbani," alimwambia, na mkaguzi akainama kidogo, vile mtu anavyoinama kwa baba.

Binti Fundi aliliona hilo. Akalipuuza. Akaingia na sketi yake ya kijivu, akaandika swali la shamba, mita tatu, eneo arobaini. Mzee akasimama pembeni mwa mlango. Darasa likaanza kuimba. Macho ya Binti Fundi yakazunguka, yakaangukia nyuma kabisa, kwa mkaguzi. Midomo ya yule mwanamke ilikuwa inacheza. Hakutoa sauti. Upana ni eksi. Urefu ni eksi jumlisha tatu. Hamisha arobaini. Nane na tano. Anajua mpaka mahali pa kuvuta pumzi.

Somo likaisha salama. Mkaguzi akasimama na fomu.

"Vizuri. Fomu inanitaka na mimi nitoe swali moja." Akaja mbele, akachukua dasta, akafuta ile tatu, akaandika sita. Akajipangusa chaki. "Haya wanangu, fanyeni."

Binti Fundi akaona koti lake mwenyewe kwenye msumari. Akamtazama Mzee Rula. Mzee alikuwa ametulia, ameegemea rula yake, kama mtu anayengoja chakula anachokijua ladha yake.

Vichwa vikainama. Dakika nne. Kalamu chini. Mkaguzi akatoa kalamu nyekundu akaanza kupita. Daftari la kwanza: upana mita tano. Tiki. La pili: mita tano. Tiki. Binti Fundi akadhani macho yamemharibika. Tano, tiki. Tano, tiki. Mwanamke yule alikuwa ameandika sita kwa mkono wake mwenyewe, na anatia tiki kwenye jibu la swali la mita tatu, mstari kwa mstari, bila kusita. Hakuwa anadanganya. Laiti angekuwa anadanganya. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hivyo ndivyo anavyojua.

Akafika dawati la mwisho, dirishani. Hapo akasimama.

"Nne?" akasema. "Wewe umeipata wapi nne?"

Kwanini akasimama. "Ubaoni ni sita, Madamu. Nne mara kumi..."

"Wenzako wote wamepata ngapi?"

"Tano, Madamu."

"Wote wamekosea, wewe peke yako ndiye mwenye akili?"

Watoto wakacheka. Ndicho kicheko cha kwanza cha darasa zima Binti Fundi alichokisikia mle ndani tangu aingie. Kalamu nyekundu ikakata daftari kwa pembe, mikato miwili, karatasi ikatoboka.

Kwanini hakulia. Aligeuza shingo akamtazama mwalimu wake. Hakuna aliyemtazama Binti Fundi namna ile kabla, na hakuna atakayemtazama tena. Na Binti Fundi, aliyesema hesabu haiogopi mtu, akageukia ubao, akaanza kuufuta. Akaufuta hata ulipokuwa umeshafutika.

Ofisini mkaguzi akaketi chini ya kalenda, akaandika: "Darasa lina nidhamu. Apite." Akaweka sahihi. Akamsogezea Mzee Rula fomu, Mzee akafungua kofia ya kalamu yake taratibu. Hapo mlango ukagongwa. Kwanini, na daftari lake lililotoboka.

"Samahani. Mwalimu, nilitaka kujua tu nimekosea wapi."

Mwalimu wa historia akainamia wafalme wake. Mkaguzi akasubiri, kwa nia njema kabisa. Mzee Rula hakumtazama mtoto. Alimtazama Binti Fundi, kalamu imesimama juu ya karatasi, wino uko nchani.

Angesema, "Hujakosea." Neno moja. Angelipa kwa ualimu wake wote na angetoka pale mtu.

Akalichukua daftari. Mistari yote sita ilikuwa imenyooka, kazi safi, kazi ambayo yeye mwenyewe kidato cha tatu hakuweza kuifanya. Akashusha kidole juu ya "x + 6".

"Hapa," akasema. "Hapa ungeandika tatu."

"Lakini Mwalimu, ulisema..."

"Hapa."

Mtoto akakitazama kile kidole muda mrefu. "Asante, Mwalimu," akasema, akaondoka, akaufunga mlango polepole usilie. Nyuma yake kalamu ikakwaruza karatasi.

Jioni mama yake alimkuta amevua sketi, ameikunja mezani.

"Si umesema umepita?"

"Nimepita."

"Mbona umeivua?"

Mama akaichukua sketi, akaitazama mishono yake, akaiweka kabatini. Hakumuuliza tena saba mara nane.

Binti Fundi akaajiriwa shule ileile, na yuko pale mpaka leo. Mzee Rula alipostaafu alimwachia rula. Ofisini sasa kuna kalenda tatu, zimepangwa moja baada ya nyingine kuufuata ufa. Anasifiwa, ana barua za pongezi kwenye fremu. Wanaomwonea huruma waendelee. Kila mtu na huruma zake.

Akaolewa, akapata mtoto. Mwaka jana mtoto huyo, miezi minane, mdogo wa mwili, hajashika nyama vizuri, akapata homa ya siku tatu. Daktari akamwandikia dawa ya maji, akasema kipimo watampa dukani kwa kumpima uzito. Akaenda duka la dawa la pale kona, mtoto mgongoni anachemka. Foleni imefika barabarani. Dirishani alikuwa binti mrefu, koti jeupe, hana mchezo. Alisoma karatasi mara moja, akashusha chupa, akaandika kwenye kibandiko, akaisukuma nje ya dirisha.

"Vijiko viwili, mara tatu."

Binti Fundi akainua macho. Wakatazamana. Alikuwa Kwanini.

"Hujambo, Mwalimu," akasema, kwa adabu. Uso wake ulikuwa mkavu, macho yake yametazama mbele. Macho hayo aliyajua. Alikuwa nayo jozi arobaini na mbili kila asubuhi.

"Sijambo, mwanangu. Hujampima, lakini."

"Kumpima?"

"Mtoto. Uzito. Ni mdogo huyu, ana miezi minane tu."

"Ni vijiko viwili, Mwalimu. Hiyo dawa ni vijiko viwili."

"Aliyekwambia viwili alikuwa anampa mtoto wa ukubwa gani?"

Kwanini alifikiri kidogo. Kwa kitambo kile, kifupi sana, palipita kitu usoni mwake, kama cha mtu anayejaribu kukumbuka mlango wa nyumba aliyohama. Kisha kikaenda.

"Wote tunawapa viwili," akasema. "Anayefuata!"

Nyuma mwanamume mmoja akamsukuma begani. "Sogea bwana, mama, wengine nao wana wagonjwa." Binti Fundi akasogea. Akasimama pembeni ya foleni na chupa mkononi, mtoto anamuunguza mgongo, akaanza kusoma kile kibandiko, akakisoma, akakisoma, na mwandiko ulikuwa mzuri, mistari imenyooka, kila herufi mahali pake.